Maswali na Majibu ya Shamba: Mbegu Inayoshikwa na Kiu Penye Maji

Tangu mvua za Machi zianze tumepokea barua kutoka Kasese, Hoima, Kampala, Arua na Lira ambazo, ingawa kila mwandishi ameeleza shida yake kwa namna yake, zinazunguka jambo moja: mbegu za jamii ya kunde, yaani maharagwe, kunde zenyewe, soya, choroko na ndugu zao, zinazokataa kuota au kuota kwa kusuasua mahali ambapo chumvi imehusika, iwe inaonekana kwa macho au haionekani. Tumeziweka pamoja katika toleo hili. Majina tumeyaacha kwa ombi la wenyewe, na barua ndefu tumezifupisha.

SWALI: Mhariri, salaam. Shamba langu liko upande wa chini wa Kasese, si mbali na ziwa la chumvi la Katwe, ambako ardhi ikikauka huacha weupe kama unga. Msimu huu nilipanda maharagwe na kunde siku moja, mistari ikipakana, na mvua haikukosa. Kunde zimetoka, ingawa kwa kuchelewa. Maharagwe nilipoyafukua siku ya kumi niliyakuta mengine yamevimba kidogo tu na bado ni magumu, mengine yameoza. Jirani anasema nimeuziwa mbegu mbovu. Je, kosa ni la mbegu au la ardhi? (Mkulima, Kasese)

JIBU: Ndugu mkulima, usigombane bado na aliyekuuzia mbegu. Kule kusema kwako kwamba kunde zimetoka na maharagwe yamekwama katika ardhi ileile na kwa mvua ileile kunanifanya niishuku ardhi kuliko mfuko wa mbegu, ingawa nitakueleza hapa chini namna ya kuhakikisha badala ya kukisia.

Harage kavu lililohifadhiwa vizuri lina maji machache, sehemu 12 au 13 hivi katika kila 100 za uzito wake, na kazi yake ya kwanza likifika udongoni ni kunywa. Unywaji huu wa mwanzo hauhitaji uhai: hata harage lililokufa huvimba likilowekwa, kama ajuavyo kila aliyepata kulipika. Baada ya saa kadhaa unywaji hupungua kasi, na hapo ndipo kazi ya uhai inapoanza kimyakimya. Vimeng'enya huamka, wanga na protini zilizowekwa akiba katika zile nusu mbili za harage huvunjwavunjwa ziwe chakula cha kiinitete, na utando wa seli uliokuwa umekauka hujirekebisha. Kisha mbegu hunywa tena kwa nguvu, kijimzizi hutoboa ganda, na ni hapo tu tunaposema kwamba mbegu imeota. Mbegu hazilingani katika kiasi cha maji zinachodai kabla ya kufika hatua hiyo. Punje ya hindi huweza kuota maji yaliyomo ndani yake yakifika takriban sehemu 30 kwa 100 ya uzito, ilhali soya hudai takriban sehemu 50, na ndiyo maana utaona shamba moja lina mahindi yaliyosimama na soya isiyoonekana.

Sasa ingiza chumvi. Anayetengeneza kachumbari hutia chumvi kwenye vitunguu, na baada ya muda mfupi hukuta maji chini ya bakuli. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu. Udongoni ni vivyo hivyo. Maji yaliyochanganyika na chumvi huwa kama yameshikwa, na mbegu inalazimika kuyavuta kwa nguvu zaidi ili iyapate, hata ikiwa udongo unaloa ukiushika mkononi. Mbegu inaona kiu ilhali imezungukwa na maji. Hayo maharagwe yako yaliyovimba kidogo na kubaki magumu, kwa maoni yangu, yamekwama hapo.

Yaliyooza yamepatwa na dhara la pili. Chumvi ya kawaida ikiyeyuka hugawanyika kuwa sodiamu na kloridi, na zote mbili huingia mbeguni pamoja na maji. Sodiamu inapozidi huchukua nafasi ya potasiamu, ambayo vimeng'enya vingi haviwezi kufanya kazi bila hiyo, na pia huiondoa kalsiamu inayoshikilia utando wa seli. Utando ukilegea, sukari na virutubisho vya mbegu huvuja nje, na ukungu wa udongoni haukosi kuitikia karamu hiyo. Wakati huohuo homoni za mbegu hubadilika: asidi ya abisisiki, ambayo kazi yake ni kuiambia mbegu ilale, huongezeka, na jiberelini, inayoiamsha, hupungua. Kwa hiyo mbegu inakosa maji, inapewa sumu, na juu ya hayo inaambiwa iendelee kulala.

Kuhusu kunde kutoka na maharagwe kushindwa, mimi singeshangaa hata kidogo. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Maas na Hoffman, walikusanya matokeo ya majaribio mengi wakaandika jedwali ambalo hutumika hadi leo. Chumvi ya udongo hupimwa kwa jinsi maji yake yanavyopitisha umeme, na kipimo chake huitwa desisimenzi kwa mita. Katika jedwali hilo harage linaanza kupoteza mavuno chumvi ikizidi 1.0, na kila kipimo kimoja kinachoongezeka hupunguza mavuno kwa takriban sehemu 19 kwa 100. Karanga huvumilia hadi 3.2, lakini zikishavuka hapo huanguka vibaya, sehemu 29 kwa 100 kwa kila kipimo. Soya huvumilia hadi 5.0, na kunde, kwa vipimo vilivyofanywa baada ya jedwali hilo, hadi 4.9. Tarakimu hizi zinahusu mavuno ya mmea uliokwisha kukua. Mbegu yenyewe mara nyingi huweza kuota penye chumvi zaidi ya hiyo. Hata hivyo mpangilio wa nani dhaifu na nani imara unafanana na ulioona shambani kwako. Harage ni mgeni kutoka nyanda za juu za Amerika, kunde ni mwenyeji wa nchi kavu za Afrika, na kila mmoja amekuja na tabia za kwao.

Liko jambo jingine linalohusu upande wenu. Chumvi ya Ziwa Katwe ina magadi ndani yake pamoja na chumvi ya kula, na udongo uliolewa magadi huharibika umbo lake: ukinyeshewa hujifunga kama matope ya kufinyangia, ukikauka huwa kigae. Harage huota kwa kuzibeba zile nusu zake mbili hadi juu, shingo ikiwa imepinda kama kikulabu, na kigae hicho huivunja shingo. Njegere na mbaazi huziacha nusu zao chini na kupenyeza ncha tu, hivyo kigae huzisumbua kidogo kuliko harage. Ukifukua na kukuta shingo nyeupe zilizokatika chini ya udongo mgumu, mbegu zako ziliota. Zilichoshindwa ni kutoka. Udongo wa namna hiyo hutengenezwa kwa jasi na samadi iliyooza, pamoja na maji mengi ya kuuosha, na mtu akikushauri uutie chokaa ya shambani mwulize kwanza amepima pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, na kupata ngapi, kwa sababu chokaa ni dawa ya udongo wenye asidi, nao wa magadi ni kinyume chake.

Uhakikishe hivi. Chukua mbegu 60 zilizobaki mfukoni. Funga 20 katika kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji ya mvua na kukamuliwa, panda 20 katika bakuli lenye udongo wa pale penye weupe, ukiuchota kwenye kina kile kile unachopandia, na 20 katika udongo wa mahali pengine ambapo mimea haina shida. Mabakuli yatobolewe chini, na yote yawekwe kivulini kwa siku saba. Zikiota 17 au zaidi kwenye kitambaa na kwenye udongo mzuri, huku za udongo mweupe zikikwama, mbegu haina kosa. Zilizokwama usizitupe: zioshe kwa maji safi mara mbili tatu, kisha zifunge nazo kwenye kitambaa. Zikiamka, zilikuwa na kiu tu na mvua kubwa ingeziokoa. Zikiwa teketeke na zenye harufu, sumu imekwisha kuziua. Kwa msimu huu, usirudishie maharagwe kwenye mistari hiyo. Jazia kunde.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Kampala. Katika jaribio letu kunde nyingi ziliota ndani ya maji yenye chumvi ya milimola 100, ila kwa kuchelewa, na kikundi chetu kikaandika kwamba kunde hazidhuriwi na chumvi. Wenzetu walizihamishia kwenye mchanga na kuzimwagilia maji yaleyale, nazo zikafa. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Kampala)

JIBU: Mwanafunzi wetu, mlipima vitu viwili tofauti mkaviita jina moja. Maabara huhesabu kwamba mbegu imeota mara kijimzizi kinapotokeza, mara nyingi kikifika milimita 2. Hadi hapo mche unakula akiba ya mbegu na hauna jani linalopumua maji. Baada ya hapo mzizi unakunywa kila siku, majani yanapoteza maji hewani, na chumvi iliyokuja na maji hayo haina pa kwenda, inarundikana. Mbegu iliyoota penye chumvi si ushahidi kwamba mmea utaishi pale, na mimi ningependa kuona kila ripoti ya jaribio kama hili ikitaja pia urefu wa mzizi na uzito wa mche baada ya siku kumi, maana hapo ndipo ukweli mwingi hujificha.

Hata katika uotaji wenyewe, msihesabu idadi peke yake. Tuseme mmeweka mbegu 20 kwenye maji safi, zikaota 10 siku ya pili na 8 siku ya tatu; na nyingine 20 kwenye maji ya chumvi, zikaota 4 siku ya tatu, 6 siku ya tano na 6 siku ya sita. Kwa idadi ni 18 dhidi ya 16, tofauti ambayo mtu huweza kuipuuza. Sasa zidisheni idadi ya kila siku kwa siku yenyewe, jumlisheni, kisha gawanyeni kwa mbegu zote zilizoota: maji safi mtapata 44 gawanya kwa 18, yaani siku 2.4, maji ya chumvi 78 gawanya kwa 16, yaani siku 4.9. Muda umeongezeka maradufu. Shambani hizo siku mbili na nusu ni siku ambazo mchwa, ndege na ukungu hawalali.

Kuhusu kipimo, milimola 100 za chumvi ya kawaida ni gramu 5.85 katika lita moja, karibu kijiko cha chai kilichosawazishwa, na maji hayo hupima takriban desisimenzi 10 kwa mita. Maji ya bahari, kwa kulinganisha, yana takriban gramu 35 kwa lita. Kosa ninalolikuta mara nyingi katika majaribio ya shule ni kuacha sahani wazi: maji huondoka kwa joto, chumvi hubaki, na siku ya nne mbegu zenu haziko tena katika milimola 100 bali pengine katika 150 au 200, wala hamjui. Funikeni sahani, na mbadilishe maji kila baada ya siku mbili kwa maji mapya yenye kipimo kilekile. Tumieni chumvi safi ya dukani, si ya kuokota kando ya ziwa, kwa sababu hiyo ya ziwani ina magadi na chumvi nyingine ambazo zitawachanganyia majibu.

Mkitaka kutenganisha kiu na sumu, watafiti hutumia poliethilini glaikoli, dutu yenye molekuli kubwa mno kuingia ndani ya seli za mbegu, wakiipima ili iyashike maji kwa nguvu sawa na ile ya chumvi. Mbegu ikishindwa katika zote mbili kwa kiasi kilekile, tatizo ni kiu. Ikishindwa zaidi katika chumvi, ile ziada ndiyo sumu. Kama shule yenu haina dutu hiyo, osheni tu mbegu zilizokwama na kuzirudisha kwenye maji safi, kama nilivyomweleza mkulima wa Kasese. Sukari msiitumie badala yake. Mtalima ukungu.

SWALI: Ninapanda soya na choroko kwenye matuta karibu na ufuko wa Ziwa Albert, nikivuta maji ya ziwa kwa pampu. Kila kiangazi kilele cha tuta huwa cheupe, na mbegu ninazozipanda hapohapo kileleni hutoka moja moja. Nimeongeza maji, weupe umeongezeka. Inawezekanaje maji yaongeze chumvi? (Mzee mkulima, Hoima)

JIBU: Mzee wetu, jibu la swali lako liko jirani, Kibiro. Wanawake wa Kibiro, chini ya ukingo wa bonde la ufa, wametengeneza chumvi kwa karne nyingi kwa ufundi ambao wewe unaurudia shambani bila kukusudia. Hutandaza udongo mkavu uliolegea juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi. Jua huukausha, unyevu hupanda kutoka chini ukibeba chumvi, maji huenda hewani na chumvi hubaki katika ule udongo wa juu. Hukwanguliwa, huchujwa kwa maji, na maji hayo huchemshwa mpaka chumvi ibaki chunguni. Tuta lako ni bustani ya chumvi ya namna hiyo: maji yanaingia kwenye mifereji pande zote mbili, yanatambaa ndani ya tuta kuelekea kileleni ambako jua linayanyonya, na chumvi yote ya safari hiyo inakutana pale pale ulipoweka mbegu.

Maji ya Ziwa Albert yana chumvi zaidi ya yale ya Ziwa Victoria, karibu desisimenzi 0.7 kwa mita. Kwa kunywa huioni, lakini kila lita 1,000 unazomwaga huacha zaidi ya gramu 400 za chumvi baada ya kukauka. Ndiyo maana kumwagilia kidogo kidogo kila siku, jambo linaloonekana kuwa la huruma kwa mbegu, huzidisha ubaya.

Hamisha mbegu kabla ya kuhamisha shamba. Panda kwenye bega la tuta, katikati ya kilele na mfereji, juu kidogo ya mahali maji yanapofika, ambapo udongo unaloa lakini chumvi inapita kuelekea juu. Badiliko hili halina gharama, na mimi ningelijaribu kabla ya jingine lolote. Funika tuta kwa nyasi kavu ili jua lisivute. Kisha, kama ardhi yako inapitisha maji, uioshe kabla ya kupanda: kanuni ya wataalamu wa umwagiliaji ni kwamba maji ya kina cha sentimita 30 yakipita hadi chini ya udongo wa sentimita 30 huondoa takriban sehemu 80 kwa 100 ya chumvi iliyomo. Yapite, nasisitiza. Ukichimba shimo la mita moja ukakuta maji yamesimama, kama ilivyo sehemu nyingi za ufukoni, maji ya kuoshea hayana njia ya kutokea, na utaipandisha chumvi badala ya kuishusha. Chimba kwanza mtaro wa kuyatoa. Na usipande kwa manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi. Manyunyu huyeyusha weupe wa juu na kuushusha sentimita tatu nne tu, mahali mbegu ilipolala, halafu yakakoma. Ngoja mvua kubwa ipite mara mbili.

SWALI: Je, naweza kuchanganya mbegu za maharagwe na chumvi ya jikoni ili zisiliwe na bungua, kama tunavyotumia majivu? (Msomaji, Arua)

JIBU: Za kula fanya utakavyo, za kupanda, hapana. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, hasa wakati wa mvua, na unyevu huo hufika kwenye ganda la mbegu pamoja na chumvi yenyewe. Majivu nayo yana chumvi za potasiamu na ukali wa magadi, lakini yakiwa makavu hayadhuru ghalani. Kosa ni kuzipeleka mbegu shambani zikiwa bado zimepakwa. Zipepete na kuzifuta kwanza. Njia ninayoiamini zaidi ni kuzikausha vizuri, kuzijaza hadi juu katika jerikani kavu na kufunga kifuniko kisipitishe hewa, kwa sababu bungua wakikosa hewa hufa.

SWALI: Nalima maharagwe na kunde kwenye magunia na makavera, yaani mifuko ya plastiki, uani kwangu. Udongo nilinunua, samadi ya kuku niliweka ya kutosha, na kila shimo nilitia kizibo cha soda cha mbolea ya DAP kisha mbegu juu yake. Kati ya mbegu kumi huota mbili. Maji ni ya bomba, hapa hakuna chumvi. (Mama wa nyumbani, Kampala)

JIBU: Mama, chumvi ipo, na umeitia kwa mkono wako. Usione vibaya, mimi mwenyewe, nikiwa kijana na elimu mpya ya darasani, niliharibu robo eka ya maharagwe ya baba kwa kizibo hichohicho, na kwa wiki mbili nikamlaumu ndege.

Kwa mbegu, chumvi si ile ya mezani peke yake. Mbolea ya dukani ni chumvi inayoyeyuka, na punje zake zikiyeyuka huunda duara dogo la maji makali kuzizunguka, makali kuliko udongo wowote wa Katwe uliopata kulimwa. Mbegu iliyokaa ndani ya duara hilo huona kiu ileile niliyoieleza hapo juu, na DAP huongeza ubaya wake kwa kutoa amonia, ambayo huunguza kijimzizi kinapotokeza tu. Urea hufanya hivyo kwa ukali zaidi. Ukifukua mbegu iliyokufa hivi, mara nyingi utakuta kijimzizi kifupi kilichobadilika rangi kuwa ya hudhurungi nchani. Samadi ya kuku isiyooza nayo ina chumvi nyingi na amonia nyingi; ile ya ng'ombe huwa na nafuu.

Gunia linazidisha tatizo kwa sababu udongo ni kidogo na maji mengi hayapiti. Toboa matundu chini. Mwagilia gunia hadi maji yatiririke kwa chini, yaache yashuke, urudie mara tatu kwa siku tofauti, na maji yanayotoka usiyarudishe juu. Kisha panda mbegu mpya bila mbolea yoyote ndani ya shimo. Maharagwe yakishatoa majani matatu, tia DAP kidogo, nusu ya kizibo, umbali wa vidole vitatu kutoka kwenye shina, na uifukie. Shambani, ambako watu hutia mbolea siku ya kupanda, iwe sentimita 5 kando ya mbegu na sentimita 5 chini yake, udongo ukitenganisha. Wengi hutenganisha kwa vumbi la kufumba macho. Sentimita 5 ni karibu upana wa vidole vitatu vilivyobanwa.

Umeuliza pia mwishoni mwa barua kama kuloweka mbegu kunasaidia. Kwa kunde na choroko, naam: loweka katika maji safi kwa muda usiozidi saa nane, zianike kivulini mpaka ganda lisishike mkono, uzipande siku hiyohiyo katika udongo wenye unyevu. Mbegu iliyokwisha kunywa maji matamu haitegemei sana maji ya chumvi, na hupunguza siku za kukaa hatarini. Maharagwe ya msimu uliopita yenye ganda lililopasuka usiyaloweke, kwa sababu huvuta maji kwa pupa hadi seli zikapasuka, na yakikaa majini usiku kucha hukosa hewa.

SWALI: Soya yangu iliota vizuri ingawa sehemu moja ya shamba ina chumvi kidogo. Nilipaka mbegu chanjo ya bakteria. Mimea ya sehemu hiyo ni ya manjano na mizizi haina vinundu. Je, chumvi imeua bakteria? (Mkulima, Lira)

JIBU: Huenda bakteria wako hai, ndugu. Rizobia, yaani bakteria hao wa kwenye vinundu wanaoupatia mmea naitrojeni, wengi wao huvumilia chumvi kuliko mmea wanaouhudumia. Kinachoharibika ni mapatano yao. Ili kinundu kianze, mzizi hutoa kemikali ya kuwaita bakteria, unywele wa mzizi hujikunja na kuwakumbatia, kisha huwaacha waingie kwa mfereji mwembamba. Chumvi hupunguza nywele hizo na kuzizuia kujikunja, hivyo bakteria hubaki mlangoni. Mmea uliokwisha kuota vizuri kwa akiba ya mbegu hubadilika rangi wiki ya tatu au ya nne, akiba ya naitrojeni inapokwisha, na mwenye shamba hudhani ugonjwa umeingia wakati huo.

Kabla ya kuilaumu chumvi, hata hivyo, jiulize chanjo ilikaa wapi. Chanjo hizi, zikiwemo ambazo zimekuwa zikitengenezwa Makerere, zina viumbe hai: zikipigwa na jua dukani, zikichanganywa na mbolea katika ndoo moja, au mbegu iliyopakwa ikianikwa juani, hufa bila chumvi kuhusika. Kwa kuwa umepaka shamba zima, una kipimo tayari. Soya ikianza kutoa maua, chimba kwa jembe mimea mitano ya sehemu yenye chumvi na mitano ya sehemu nzuri, usiing'oe kwa mkono maana vinundu hukatikia udongoni, osha mizizi taratibu ndani ya ndoo, uvihesabu vinundu na kuvikata kwa wembe. Vyenye wekundu ndani vinafanya kazi. Vyeupe au vya kijani havifanyi. Sehemu zote mbili zikiwa tupu, chanjo ilikufa kabla ya kufika ardhini. Sehemu nzuri ikiwa na vinundu vyekundu na ile nyingine haina, chumvi imehusika, na mimea ya sehemu hiyo msimu huu itahitaji naitrojeni kidogo ya mbolea, ikitiwa kando ya shina wakati udongo umeloa.